Malizana na ndago kwanza, ukoka uje na masika

Februari hii malori ya udongo mweusi yanapishana kwenye njia za Goba, Madale na Kibaha. Nyumba imeisha, ukuta umepigwa rangi, geti limefungwa, na mwenye nyumba anataka masika yamkute ameshapanda ukoka. Lori linamwaga, vijana wanasambaza kwa reki, na siku hiyohiyo wanaanza kuchomeka vipandikizi. Mwezi wa nne uwanja unapendeza. Mwezi wa sita, mvua ikishakatika, ukiinama utaona majani membamba yenye kung'aa yaliyowahi kurefuka kuliko ukoka wenyewe. Ng'oa mche mmoja uviringishe shina lake kati ya vidole: lina pembe tatu. Hiyo ni ndago, na mara nyingi imekuja na lori.

Wanaotaka ukoka mwaka huu nawaomba wafanye kazi yao ya kwanza sasa, katika wiki nne au tano zilizobaki kabla mvua za masika hazijaanza Pwani katikati ya Machi. Kazi yenyewe si kupanda, ni kusafisha. Ukoka haudai udongo mweusi. Ni mmea wa kwetu uliozoea shida. Unaota kandokando ya reli na kwenye viwanja vya mpira ambavyo hakuna aliyewahi kuvimwagilia. Unachodai ni jua, ardhi isiyo na ndago, na mtu anayejua kukata. Hayo matatu yakikosekana, hata ukiweka malori kumi utakuwa unalisha magugu.

Tuanze na ndago, kwa sababu ukishapanda ukoka juu yake umechelewa. Chini ya kila mche kuna kiazi kidogo cheusi, ukubwa wa punje ya karanga au chini ya hapo. Kutoka kwenye kiazi hicho unatoka uzi mgumu unaokwenda kwenye kiazi kingine, na kingine tena. Vingi vimo kwenye sentimita 15 hadi 20 za juu. Ukivuta majani, uzi unakatika na viazi vinabaki chini. Ukilima kwa jembe bila kuokota ndiyo mbaya zaidi: umeukata mnyororo, na kila kiazi kilichokuwa kimelala kinaamka kivyake. Ndiyo maana uwanja uliolimwa vizuri huota ndago nyingi kuliko ule ulioachwa.

Njia ni kuidanganya iote kabla ya ukoka. Sawazisha eneo lako wiki hii, kisha limwagilie kana kwamba umeshapanda. Baada ya siku kumi hivi ndago itakuwa imetoka. Usiiache ivuke majani sita, kwa sababu baada ya hapo huanza kutengeneza viazi vipya. Kwenye eneo dogo, tumia uma wa bustani, si jembe. Inua udongo, fuata uzi kwa vidole, okota kiazi kwa kiazi utie kwenye ndoo. Usivitupe kwenye shimo la mboji. Vianike kwenye sakafu ya saruji juani mpaka vikauke kabisa, ndipo uvichome. Mwagilia tena, subiri, rudia. Mizunguko miwili inatosha kupunguza kwa kiasi kikubwa. Atakayekuahidi kuimaliza yote kwa mzunguko mmoja anataka hela yako tu.

Wenye maeneo makubwa hutumia kiuagugu chenye glaifoseti, kinachoshuka kutoka kwenye jani hadi kwenye kiazi. Kinafanya kazi ndago ikiwa ya kijani na inakua. Ukipulizia iliyonyauka kwa ukame, umemwaga fedha chini. Hakifikii viazi vilivyolala, kwa hiyo hapo pia utarudia, na kinaua ukoka sawasawa na ndago, kwa hiyo ni dawa ya kabla ya kupanda, si ya baada. Nunua dawa iliyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA), soma kibandiko mpaka mwisho, vaa glavu, gambuti na barakoa, na usipulizie siku ya upepo karibu na mchicha wa jirani.

Sasa kuhusu lori. Kama kiwanja chako ni kichanga kitupu au ni mwamba, ni kweli huenda ukahitaji kuongeza udongo. Lakini kabla ya kulipia, nenda na kiroba kwa muuzaji, chukua sampuli kutoka pande tatu nne za rundo. Weka udongo huo kwenye beseni lenye matundu, uloweshe, uache juani wiki mbili ukiuweka unyevu. Kitakachoota kwenye beseni ndicho kitakachoota uwanjani. Muuzaji anayekataa kutoa sampuli ya kiroba kimoja amekupa jibu tayari.

Nyumba mpya zina tatizo jingine ambalo udongo mweusi huwa unalifunika: kifusi. Chimba mashimo manne matano ya sentimita 20 uangalie. Utakuta kokoto, misumari, vipande vya tofali, mifuko ya saruji iliyooza nusu. Pale mafundi walipokuwa wakichanganyia zege, udongo una chokaa nyingi na ukoka utakuwa wa njano hapo miaka yote hata uumwagie mbolea gani. Ondoa udongo wa sehemu hiyo, usiufunike. Kisha changanya samadi iliyooza vizuri, debe moja kwa kila mita mbili za mraba, kwenye sentimita 15 za juu. Samadi ya kuku ni kali, weka nusu ya hapo. Samadi mbichi ina mbegu za magugu na huunguza mizizi; ukiishika ikawa bado ina joto na harufu, haijawa tayari.

Wakati wa kusawazisha, lipe eneo mwinamo mdogo wa kama sentimita mbili kwa kila mita, maji yakiondoka nyumbani na si kuelekea ukutani. Waliojenga kwenye miteremko ya Kimara na Goba wanajua masika yanavyobeba udongo. Kwenye mteremko mkali ukoka peke yake hautashika. Weka mistari ya nyasi za vetiva kukingama mteremko na ukoka uwe katikati yake.

Aina gani ya nyasi? Hapa ndipo watu wengi hununua kwa macho. Ukoka wa kawaida, wa majani membamba, ndio wangu wa kwanza kwa Pwani na maeneo yote ya joto, mradi upate jua kamili kwa saa sita au zaidi kila siku. Chini ya mwembe, mwarobaini au mkungu hautafanikiwa. Utarefuka, utapauka, utakufa, na mwakani utaambiwa upande tena. Kwenye kivuli chepesi weka nyasi ya majani mapana, ile inayotambaa chini kabisa na kuvumilia kukosa jua. Ipo pia nyasi nene yenye majani butu ambayo Kenya huuzwa kwa jina la Pemba. Nayo inavumilia kivuli kiasi na upepo wa bahari. Kwenye kivuli kizito kabisa usipande nyasi yoyote. Weka kokoto au mimea ya kivuli, na uokoe fedha zako.

Wanaotumia maji ya kisima chenye chumvi, na wako wengi Kigamboni na kandokando ya bahari, waangalie ncha za majani. Majani mapana huungua ncha mapema. Ukoka unavumilia kiasi. Inayovumilia kuliko zote ni paspalamu ya pwani, ambayo kwa asili yake huota kwenye fukwe na kingo za mikoko. Kama utando mweupe unaonekana juu ya udongo wakati wa kiangazi, hiyo ndiyo nyasi yako.

Wenzetu wa Arusha, Lushoto, Njombe na Mbeya, pamoja na wasomaji wa Nairobi na Limuru, wana kikuyu. Ni nyasi ya nyanda za juu za Afrika Mashariki, inayopenda baridi na mvua, na imesafiri kuliko wengi wetu: ilifika Australia mwaka 1919 kutoka iliyokuwa Kongo ya Ubelgiji, na leo uwanja wa gofu wa Riviera kule Los Angeles umetandikwa hiyo hiyo. Huko Marekani pia imeorodheshwa kuwa gugu sumbufu, kwa sababu haijui mpaka. Itaingia kwenye maua, kwenye njia, kwenye shamba la jirani. Uzuri wake wa milimani usikudanganye uibebe hadi Dar es Salaam. Kwenye joto la chini ya mita elfu moja inadhoofika, na ugonjwa wa madoa unamalizia kazi.

Mvua ya kwanza ya maana ikinyesha na udongo ukalowa hadi sentimita kumi, panda. Vipandikizi vya ukoka viwe na pingili tatu au nne, vilivyokatwa siku hiyohiyo na kufunikwa kwa gunia bichi. Vichomeke kwa nafasi ya sentimita 15 kila upande, pingili mbili ziwe ndani ya udongo na moja nje, kisha kanyaga ili udongo ushikane na mizizi. Kama unanunua vile vipande vinavyokatwa na udongo wake, geuza kipande kimoja uangalie chini kabla ya kukubali mzigo mzima. Ndago husafiri humo pia. Kwa joto na mvua ya masika uwanja utafunga kwa miezi miwili hivi. Katika muda huo, kazi yako ya kila Jumamosi ni kutembea uwanjani na uma mdogo, ukitoa kila ndago uionayo ingali changa.

Kukata ndiko kunakoua viwanja vingi zaidi kuliko wadudu, ukame na mbuzi wa jirani wakijumlishwa. Kawaida yetu inajulikana. Kijana wa kwanja anakuja mara moja kwa mwezi, ukoka umefika katikati ya muundi, na mwenye nyumba anamwambia ashushe mpaka chini ili isimgharimu tena karibuni. Kijana anatii. Kinachobaki ni mashina ya njano na udongo unaoonekana. Ukoka sasa hauna jani la kutengenezea chakula. Unatumia akiba ya mizizi kuotesha majani mapya, na mizizi inasinyaa. Huku nyuma jua limeingia hadi kwenye udongo, na ndago, ambayo haipendi kivuli hata kidogo, imepata ilichokuwa inangoja. Mara tatu au nne za namna hiyo zinatosha kugeuza uwanja mzuri kuwa shamba la ndago.

Kanuni ni kutoondoa zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mkato mmoja. Ukitaka ukoka wako ukae kwenye sentimita nne, ukate unapofika sita. Sentimita nne ni kama upana wa vidole viwili vya mtu mzima, kwa hiyo hakuna haja ya rula. Majani mapana na ile ya Pemba yaache juu zaidi, sentimita tano hadi saba. Wakati wa masika hii itakuwa kila wiki. Julai na Agosti inaweza kuwa kila baada ya wiki tatu. Kama ulisafiri ukarudi ukakuta msitu, punguza theluthi leo, ngoja siku nne au tano, punguza tena. Malipo ya kijana yatagawanyika mara nyingi zaidi kwa mwezi, lakini kila mara kazi ni ndogo. Kubalianeni kwa mwezi badala ya kwa mkato, naye hatakuwa na sababu ya kushusha mpaka chini.

Kesho yake baada ya kukata, chuma majani matano uyaangalie ncha. Zikiwa zimekatika safi, mashine ni kali. Zikiwa zimechanika na kuwa na nyuzinyuzi nyeupe, kisu ni butu, na kwa mbali uwanja wote utaonekana umepauka kijivu. Kunoa kwa tupa ni kazi ya dakika kumi. Usijaze petroli mashine ikiwa juu ya nyasi. Tone moja linaacha duara lililokufa kwa miezi. Mabaki mafupi yaache hapohapo, yataoza na kurudisha naitrojeni ardhini. Yakiwa marefu yanayolaliana, yakusanye umpelekee mwenye sungura au ng'ombe, isipokuwa kama umepulizia dawa karibuni. Na tafadhali, ule ufagio wa chelewa unaopitishwa kila asubuhi juu ya ukoka uende ukafagie baraza. Unang'oa vipandikizi vichanga na kuchimbua udongo. Majani ya mwembe yaokote kwa reki ya meno mapana.

Kumwagilia hakuhitaji maneno mengi, ila hesabu. Uwanja wa ukoka unataka kama milimita 25 za maji kwa wiki wakati wa kiangazi, mvua ikihesabiwa humo. Milimita moja kwenye mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hiyo uwanja wa mita za mraba 100 unakula lita 2,500 kila wiki, yaani matangi mawili na nusu ya lita 1,000. Fanya hesabu hiyo kwa bei ya maji ya mtaani kwako kabla hujaamua ukubwa wa uwanja, si baada ya kupanda. Toa maji hayo kwa mara mbili kwa wiki, asubuhi, mpaka yaingie ndani. Kunyunyiza kidogo kila jioni kunafundisha mizizi kukaa juu, na unyevu wa usiku kucha hualika ukungu. Baada ya kumwagilia, choma bisibisi ndefu. Ikiingia sentimita kumi bila kulazimisha, inatosha. Ukoka ulioishiwa maji unajionyesha wenyewe: rangi inaelekea kijivu, na ukipita nyayo zako zinabaki zimelala.

Mbolea isiwahi. Subiri ukoka uliopanda ukatwe mara mbili, ndipo uweke urea, kilo moja kwa mita za mraba 100. Hiyo ni gramu kumi kwa mita moja, vifuniko viwili hivi vya soda. Majani yawe makavu wakati wa kurusha, kisha mwagilia mara moja ili punje zisiunguze. Ukitumia CAN, weka karibu kilo mbili kwa eneo hilohilo. Rudia mara moja tu kabla ya mvua kukatika mwishoni mwa Mei, halafu acha mpaka vuli. Anayeongeza urea kila anapoona njano hutengeneza nyasi laini inayopendwa na wadudu, na mara nyingi njano ile ilikuwa ya saruji au kisu butu.

Ukame ukifuatiwa na mvua ni wakati wa viwavijeshi, na hawali mahindi tu. Ukiona ndege wengi wamejaa uwanjani asubuhi wakidonoa, na mabaka ya kahawia yanapanuka siku hadi siku, fanya hivi: vijiko viwili vya sabuni ya maji ya vyombo kwenye lita nne za maji, mwaga kwenye mita moja ya mraba pembeni mwa baka, usubiri dakika kumi. Kama wapo, watapanda juu. Wasipotokea, tatizo si wao, na huna sababu ya kununua dawa. Udongo ulioshindiliwa na miguu ya watoto na matairi huonyesha mabaka yanayofanana. Hapo chukua nondo ya milimita 12, toboa matundu ya sentimita kumi kila baada ya shubiri moja, kisha sambaza mchanga safi na mboji iliyochekechwa.

Neno kwa wasomaji wa Dodoma, Singida na Shinyanga. Ratiba ya Pwani si yenu. Mvua zenu ni za msimu mmoja na zinaelekea mwisho mwezi wa nne, kwa hiyo ama mpande wiki hii ama msubiri Desemba. Na mimi, mkiniuliza, ningepanda kipande kidogo mbele ya baraza, mita za mraba 20 au 30 ninazoweza kuzimwagilia kwa maji yaliyooshea mboga, na sehemu iliyobaki ningeiacha uwanja wa kufagia kama bibi zetu walivyofanya, pamoja na miti miwili ya kivuli. Hakuna sheria inayosema nyumba nzuri lazima izungukwe na kijani kila upande.

La mwisho ni kwa wanaokodi mashine ya kufyekea ya begani. Kabla kijana hajaiwasha, okoteni mawe na vipande vya nondo vilivyobaki uwanjani, na umnunulie gambuti na miwani ya kukinga macho. Watoto wakae ndani mpaka injini izimwe.